Sura ya Saba: Uzito wa Samaki Aliye Hai

Lifti ilikuwa imekufa tangu Jumatatu, kwa hiyo Inspekta Mbithe Ngui alifika orofa ya tisa akiwa ametumia pumzi zote alizogawiwa siku hiyo, na ilikuwa saa mbili na robo tu asubuhi. Nyuma yake Sajenti Clifford alipanda akihesabu ngazi kwa sauti, tabia aliyokuwa nayo tangu wafanye kazi pamoja, miaka kumi na minane sasa. Mbithe alishaacha kumwambia anyamaze.

Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake saa tatu, karani mmoja aitwaye Mwanasiti Amin angesimama kizimbani kwa kosa la kughushi nyaraka za serikali. Faili lake lilikuwa limekamilika isipokuwa sahihi moja, ya Mbithe, na mkuu wake alitaka sahihi hiyo kabla ya saa kumi jioni. Hakumuuliza Mbithe anaamini nini. Alimuuliza kama ana kalamu.

Ofisi waliyoingia ni ya Mpango wa Kurejesha Uvuvi wa Burudani Baharini. Ilikuwa katikati ya jiji la Nairobi, mahali ambapo maji ya chumvi ya karibu zaidi ni yale ya kusukutua koo. Mbithe alikuwa ameelezwa mpango huo mara tatu wiki hiyo, na mara ya tatu ndipo alipouelewa. Zamani watalii walikuja pwani kuvua sulisuli, yule samaki mkubwa mwenye upanga puani na tanga mgongoni, kwa mshipi na kwa raha zao. Kisha zikaja meli za nyavu za kukokota, zikasomba kila kitu. Sulisuli wakaadimika, watalii wakaenda kwingine, na manahodha wa boti za burudani wakabaki wakikaa barazani. Serikali ikafunga eneo moja la bahari kwa meli hizo kwa miaka mitatu. Ikaagiza pia kwamba kila sulisuli atakayenaswa na mtalii achomekwe lebo yenye namba mgongoni, kisha aachiwe aende zake akiwa hai. Nahodha hujaza kadi moja kwa kila samaki: tarehe, boti, urefu, uzito. Kadi hupandishwa Nairobi, Mwanasiti huziingiza kwenye kompyuta.

Miaka mitatu ilikuwa imekwisha. Jumanne ijayo kamati ya Bunge ingeamua kama eneo liendelee kufungwa au meli zirudi. Mpango uliahidi sulisuli mia sita msimu huu, na kadi zilizohesabiwa zilikuwa mia sita na kumi na nne. Kila mtu alipigiwa makofi. Kisha mtu asiyejitaja akaandika barua kusema kwamba nusu ya kadi hizo ni za uongo, na ndipo samaki wakawa kazi ya polisi.

Naibu mkurugenzi, Bwana Kiarie, aliwapokea kwenye chumba cha mikutano. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye haraka, na yeye ndiye aliyezitenganisha kadi katika mafungu mawili mezani: fungu la kushoto kadi mia tatu ishirini na nne, la kulia mia mbili tisini. Za kushoto, alisema, ndizo za uongo.

"Madam, hii kitu iko clear," alisema, akichota kadi chache. "Angalia uzito. Ishirini na tano. Thelathini. Thelathini. Ishirini na tano. Kwani hao samaki wanatengenezwa kwa kiwanda? Sasa angalia hizi za huku. Thelathini na moja nukta sita. Ishirini na saba nukta nne. Hapo unaona mtu amepima."

Mbithe alizitazama moja moja. Alikubaliana naye, na hilo lilimchosha zaidi, maana alikuwa amepanda ngazi zile zote akitumaini kutokubaliana. Mama yake aliuza ndengu Machakos kwa miaka thelathini, na nyumbani kwao dalali aliyesema gunia ni "kama kilo hamsini hivi" aliitwa mwizi bila kusubiri ushahidi. Kadi za kushoto zilikuwa zimejazwa na dalali wa namna hiyo. Tena nyingi zilitoka kwa boti za kusini, kwao Mwanasiti, kwa manahodha waliomjua tangu akiwa mtoto. Na zote, za kushoto na za kulia, ziliingizwa kwa neno lake la siri.

Mwanasiti mwenyewe alihojiwa Jumanne kwa saa mbili na Mbithe alitoka pale mikono mitupu. Kila swali lilipata jibu lile lile, kwa upole ule ule: hakuandika kadi hata moja. Nani aliandika? Yeye huingiza zinazoletwa mezani. Nani huzileta? Zingine huja kwa parseli ya basi, zingine huzikuta kwenye trei asubuhi. Hakulia wala hakukasirika. Mbithe alikuwa amewahoji wezi wengi waliokasirika zaidi ya huyo.

"Umewapigia manahodha?" Mbithe alimuuliza Kiarie.

Kiarie alisema hapakuwa na haja. Mtu aliyejaza kadi ya uongo atakwambia ni ya kweli, sasa utakuwa umepata nini? Hoja ilikuwa nzuri. Hata hivyo Mbithe alikuwa na kanuni moja aliyoibeba miaka yote ya kazi, nayo ni kwamba haweki sahihi kwenye faili ambalo shahidi wake wa kwanza hajaulizwa kitu. Kanuni hiyo ilikuwa imemcheleweshea cheo mara mbili. Alichukua kadi ya juu kabisa kwenye fungu la kushoto. Boti iliitwa *Sahar*, nahodha Ridhwan, na namba yake ya simu ilikuwa pale pale chini.

Ridhwan alipokea kwa salamu ndefu. Aliuliza hali ya Nairobi, baridi ya Nairobi, na afya ya watu wa Nairobi wote kwa jumla, na Mbithe akajibu yote kwa sababu ndivyo mtu wa pwani anavyofunguliwa mlango. Kisha akamuuliza jinsi anavyopata uzito wa sulisuli anapojaza kadi.

Mzee alicheka. "Kwa jicho, mama."

"Kwa jicho. Kwa nini hutumii mizani?"

"Huyo samaki si wa kurudishwa? Mizani yataka atundikwe. Sulisuli ukimtoa majini, ukamning'iniza kwa mkia, uzito wake mwenyewe wamuua. Ukimrudisha baharini hapo, watupa maiti. Sisi twamshika upanga ubavuni mwa boti, yeye yu majini, twamtia lebo, twamtazama. Mimi nasema thelathini, mgeni asema hamsini, twaandika thelathini. Kisha twamwachia."

Mbithe alihamishia simu kwenye sikio la pili. Clifford, aliyekuwa akipanga upya rundo la kadi kwa kuchoka tu, aliona uso wake na akaacha.

"Na nikikuonyesha kadi iliyoandikwa thelathini na moja nukta sita?"

Safari hii Ridhwan hakucheka. "Aliyeandika hiyo, mama, ama amemuua samaki, ama hajamuona."

Mbithe alivuta fungu la kulia, la kadi safi zenye nukta, akapekua mpaka akapata yenye jina la *Sahar*. Akamsomea tarehe. Ridhwan alimwomba arudie. Tarehe ile, alisema, boti yake ilikuwa imepandishwa nchi kavu wiki nzima wakiipaka rangi. Bwana fundi yupo, aulizwe. Mbithe akasoma nyingine, na nyingine. Kwa ile ya tatu mzee alikuwa Mombasa kwenye harusi ya bintiye, ambaye ndiye Sahar mwenyewe.

Alipokata simu alizungusha mafungu yale mawili mezani, la kulia likaenda kushoto. Kiarie alitazama kitendo hicho kama mtu anayetazama gari lake likivutwa na kanjo, askari wa jiji. Mbithe alimweleza. Samaki wa kukisia ndio wa kweli. Samaki wa mizani hawakuwahi kuwepo.

"Kwa hivyo, Madam," Clifford alisema polepole, "tumekuwa tukisoma hii kitu miguu juu."

Kiarie aliketi. Hakuwa mhalifu, Mbithe aliona hivyo mara moja. Alikuwa mtu wa bara aliyeona nukta akaiamini, kama yeye mwenyewe alivyoiamini dakika ishirini zilizopita. Ila yeye Kiarie alikuwa amempeleka mtu polisi kwa imani hiyo. Alianza kusema kwamba aliandika taarifa yake in good faith, kwa nia njema, akasema mara mbili.

Kadi hutoka kwenye vitabu vya kurarua, kadi ishirini na tano kila kitabu, na kila kadi ina namba nyekundu pembeni. Mbithe alimwagiza Clifford aandike namba za kadi zote mia mbili tisini kwa mfuatano. Ilichukua saa moja na chai mbili. Namba zilifuatana bila pengo, kutoka mwanzo wa kitabu kimoja mpaka katikati ya cha kumi na mbili, ambapo kadi kumi zilikuwa hazijatumika. Manahodha wanane wa boti nane tofauti, kwa mujibu wa kadi hizo, walikuwa wakipokezana vitabu vile vile baharini.

Stoo ilikuwa orofa ya tatu, chini ya mama mmoja aliyeitwa Shiku, ambaye hakuamini kompyuta na aliandika kila kitu kwenye kaunta buku lenye jalada gumu. Kwa mtu wa upelelezi, mtu kama Shiku ni baraka ya Mungu. Alilamba kidole, akafungua ukurasa, akaweka rula chini ya mstari. Vitabu vile kumi na viwili havikuteremshwa pwani. Vilichukuliwa mwezi wa pili, kwa matumizi ya "mafunzo", na Dakta Mbugua.

"Daktari mwenyewe alikuja," Shiku alisema. "Hakutuma mtu. Mzee wa heshima sana, huyo. Alinisaidia hata kubeba boksi."

Dakta Mbugua ndiye aliyeubuni mpango huu. Alikuwa amestaafu, akabakizwa kama mshauri. Alimwajiri Mwanasiti yeye mwenyewe na kumfundisha kazi miaka sita iliyopita, kabla ya mpango kuanza. Jina lake lilikuwa kwenye faili la Mbithe pia, mahali pasipo na shaka: aliandika barua kumtetea Mwanasiti kama mfanyakazi mwenye tabia njema.

*

Walifika Loresho karibu saa nane mchana. Msongamano wa Westlands uliwala saa nzima, na Clifford, ambaye nyumba yake iko Uthiru, mbele kidogo kwenye barabara ile ile, alisema kwa unyonge kwamba laiti kesi hii ingeishia hapa angefika kwake mapema kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Askari wa geti aliandika namba ya gari, akaandika majina, akapiga simu, akawafungulia.

Dakta Mbugua aliwapokea nyuma ya nyumba. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mrefu, sweta limechakaa viwikoni, na mkononi alishika ndoo ya chakula cha samaki. Kulikuwa na bwawa la saruji lenye tilapia, na kando yake, kwenye chuma kilichosimikwa chini, mizani ya kutundika, imepakwa mafuta vizuri. Aliwaeleza kabla hawajauliza: kila Jumamosi hutoa samaki kumi, huwapima, huandika. Kazi yake ya miaka thelathini ilikuwa mabwawa na mito ya milimani, samaki wa maji baridi.

"Samaki asiyepimwa ni hadithi tu," alisema, akitabasamu.

Mbithe alimuuliza kama ametoka sana na boti za pwani. Alikiri kwa aibu ya kupendeza kwamba alitoka mara moja. Alitapika kutoka ufukweni mpaka ufukweni, na tangu siku hiyo mikutano yote ya manahodha ilifanyiwa hotelini. Alicheka, Clifford naye akacheka. Alikuwa mzee mwenye kupendeka, na Mbithe alijikuta akitamani kwamba Shiku awe amekosea mstari.

Waliingia ndani, wakaletewa chai. Mbithe alisema ana shida ndogo. Kesho huenda akaulizwa mahakamani jinsi kadi inavyojazwa, naye hajui. Je, Daktari angemfundisha? Akatoa kadi tupu aliyopewa na Shiku. Mzee alifurahi. Alikuwa mwalimu mpaka mifupani, na macho yake yalichangamka kwa mara ya kwanza. Alivaa miwani. Akaandika tarehe, akabuni jina la boti, akaandika urefu: sentimita mia mbili na kumi.

"Na uzito?" Mbithe aliuliza.

Dakta Mbugua aliinuka, akaleta kikokotoo kutoka kwenye dawati. Kuna hesabu, alieleza, inayotoa uzito kutoka kwa urefu. Alibonyeza, akasubiri, akaandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: 30.8.

Mbithe alifungua bahasha na kupanga kadi tano kando ya ile. Mzee alizitazama, akaitazama yake, akaona nukta tano na nukta moja, na kalamu ikabaki mkononi.

"Sulisuli hapimwi, Daktari," Mbithe alisema. "Anakisiwa. Manahodha wote wanakisia."

"Wanakisia?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Zile za ishirini na tano, thelathini... Mimi nilijua ndizo za uongo. Nilijua wanajazia hotelini, wakinywa soda. Miaka mitatu nimekuwa nikiona aibu kwa kadi zile."

"Ndizo za kweli. Mia tatu ishirini na nne. Kabla ya kufunga bahari walinaswa mia moja na arobaini tu msimu mzima."

Alivua miwani. Mbithe alimwacha afike mwenyewe pale hesabu ilipokuwa ikimpeleka. Samaki walikuwa wamerudi. Walikuwa wamerudi zaidi ya mara mbili ya idadi ya mwanzo, na yeye, baba wa mpango, aliketi kwenye chumba hiki akabuni wengine mia mbili tisini, kwa sababu hakuwaamini wale waliokuwepo.

Alisema yote baadaye, na Clifford akaandika. Bunge liliahidiwa mia sita. Alijua bila mia sita bahari itafunguliwa, na meli zikirudi mwezi mmoja tu, kazi ya miaka mitatu imekwenda. Hakutaka ifike mia sita kamili, ingeonekana imepikwa. Kadi zake angalau zilikuwa na hesabu ndani yake, alisema, na alisema hivyo kwa fahari kidogo hata sasa. Alikuwa akiziweka kwenye trei ya Mwanasiti alfajiri, akija ofisini kabla ya wafagiaji.

"Na huyo msichana?" Mbithe aliuliza. "Ana siku kumi na moja akiandamwa na polisi kwa kadi ambazo hakuandika. Ulijua."

"Nilimwandikia barua ya kumtetea."

"Nimeisoma."

"Nilidhani wataona ni kosa la kompyuta. Nilidhani hapa Kenya hakuna hakimu atamfunga mtu kwa sababu ya samaki." Alitazama mikono yake. "Nilikuwa nangojea Jumanne ipite. Baada ya Jumanne ningesema."

Mbithe alikasirika, na hasira ile ilimshangaza, alidhani ameshaimaliza yote kazini. Wezi wabaya walimchosha tu. Wezi wazuri ndio waliomkasirisha, wale wenye barua za kutetea na chai ya maziwa. Alimwomba kitambulisho, pasipoti, na kitabu cha kumi na mbili. Kitabu kilikuwa kwenye droo, na kadi zake kumi tupu. Akamwamuru asitoke nyumbani. Maafisa wa kituo cha karibu wangemjia kabla ya jioni.

Kutoka ndani ya gari alimpigia mkuu wake. Mkuu alinuna, akauliza kama mzee ametia sahihi, akaambiwa ametia kila ukurasa. Basi, alisema, jina libadilishwe kwenye faili na lifike kabla ya saa kumi na moja, anampa saa moja ya nyongeza. Hakusema hongera, naye Mbithe hakuitarajia.

*

Angeweza kumpigia Mwanasiti simu. Parklands haikuwa mbali sana na njia yao, hata hivyo, na katika mwaka mzima Mbithe hakukumbuka siku aliyogonga mlango wa mtu akiwa na habari njema. Alimwambia Clifford apitie huko. Clifford alielewa, akakunja kona, akaegesha nje ya jumba la orofa nne nyuma ya msikiti.

Alikuwa kwenye ngazi za orofa ya pili wakati wazo lilipomjia, na akasimama akishika reli.

Kilichoanza kumtoa Mwanasiti hatiani ni kitu kimoja tu. Mtu wa pwani hawezi kuandika nukta kwenye kadi ya sulisuli. Binti wa Amin, aliyekuwa nahodha wa boti za watalii maisha yake yote, binti aliyelelewa kwa pesa za sulisuli, angeijua nukta ile kuwa uongo kama Mbithe anavyojua ndengu mbovu. Angeijua kwa kadi ya kwanza. Na alikuwa ameziingiza mia mbili tisini.

Mbithe alikaa pale kwenye ngazi kwa muda ambao ungetosha kushuka tena. Faili lilikuwa na mtu wake. Hakuna ambaye angeuliza. Kiarie hangeuliza, mkuu hangeuliza, hakimu wa Nairobi asiyetofautisha sulisuli na papa hangeuliza. Ni yeye pekee aliyejua kwamba swali lipo, na alijua pia kwamba asipoliuliza leo litamwamsha kila siku mpaka atakapostaafu. Akamalizia kupanda.

Mwanasiti alifungua akiwa na ushungi wa nyumbani, mikono ina unga wa chapati. Alimkaribisha, akampa kiti, akaketi mbele yake mikono magotini kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Mbithe alimwambia kwanza habari njema, kwa sababu alikuwa amezileta. Dakta Mbugua amekiri. Kadi za uongo zimejulikana, na za manahodha zimethibitika. Shtaka la kughushi limekwisha.

Mwanasiti alifumba macho. Midomo yake ilicheza kwa shukrani isiyosikika. Alipoyafumbua alimkuta Mbithe bado ameketi, daftari limefungwa mapajani, na akaelewa kwamba mgeni hajamaliza.

"Nina swali moja," Mbithe alisema. "Hulazimiki kunijibu. Una haki ya kunyamaza, na ukitaka wakili kwanza, nitaondoka sasa hivi na hutaniona tena leo. Nataka usikie hilo vizuri."

"Nimesikia, afande."

"Zile zenye nukta. Ulipoziona, ulijua?"

Jikoni kitu kilianza kuungua kwenye moto, na hakuna aliyeinuka.

"Siku ya kwanza," Mwanasiti alisema. "Nilikwenda kumuuliza Daktari. Akanambia kuna boti mpya, zina mizani. Nikamwitikia. Hakuna boti yenye mizani, afande, na mwandiko wake naujua, ndiye aliyenifundisha kazi." Aliufuta unga kwenye vidole, kimoja kimoja. "Baba alikaa miaka minane nyumbani meli zilipokuja. Mtu mzima, nahodha, akichambua mchele na mama. Msimu uliopita aliitwa tena, akatoka na *Sahar*, akanipigia simu kutoka baharini akilia. Ningesema kadi hizi ni za uongo, wangezitupa zote, na zile za kweli zingekwenda nazo. Nikaziingiza."

"Jumanne nilikuhoji saa mbili."

"Uliniuliza kama niliandika. Kila mtu aliniuliza kama niliandika." Hakusema kwa ujanja. Alisema kama mtu aliyekuwa akichoka kwa muda mrefu na sasa amepewa ruhusa. "Usiku nilikuwa naomba mtu aniulize. Kisha asubuhi naomba asiniulize."

Mbithe alifungua daftari. Hakutaka, na mkono wake ulijua hivyo, maana uliandika vibaya. Aliandika maneno yote kama yalivyosemwa, pamoja na yale ya baba na mchele, akamsomea, akamweleza kwamba kuingiza kadi ukijua ni ya uongo nalo ni kosa. Mwanasiti alisikiliza kichwa kimeinama, akatia sahihi, akauliza kesho ni saa ngapi. Saa tatu. Akasema atakuja mwenyewe, asitumiwe gari la polisi hapa nyumbani, watoto wa dada yake wataliona. Mbithe alisema hakuna gari litakalotumwa.

Clifford alikuwa ameshawasha injini alipomwona akitoka. Uso wake ulikuwa umetulia, tayari kwa Uthiru.

"Amefurahi, Madam?"

Mbithe alifunga mlango na kuweka daftari magotini.

"Kesho washtakiwa ni wawili," alisema.

Clifford alimtazama, akalitazama lile daftari, akaizima injini.